Mikarafuu ya Mama kwenye Ardhi ya Haroub

Al-Murabba, Riyadh
14 Januari 2024

Kaka Haroub,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, wifi Muna na watoto hamjambo, na mgongo wako umepata nafuu. Sisi tuko salama.

Umenifungia simu, kwa hiyo naandika. Binamu Zeinab amenitumia kutoka Pemba picha ya tangazo lililobandikwa kwa sheha. Linasema shamba la marehemu Baba la Mtambwe limesajiliwa kwa jina lako peke yako, kwa kuwa "dada alikwishapewa haki yake." Theluthi yangu kisheria naijua. Nani alinipa, lini, na mbele ya nani?

Nduguyo,
Wahida

Al-Hindawiyah, Jeddah
2 Februari 2024

Dada Wahida,

Wa aleikum salaam. Mgongo bado, lakini tunashukuru. Shemeji hajambo?

Mbona unajipa maradhi? Wewe una mume, una ikama ya kuishi huku, una nyumba yenye viyoyozi. Mimi kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, hataki kuniongezea mkataba, mwakani narudi, na sina pa kurudi ila Mtambwe. Muda wa kuweka pingamizi ulikwisha Desemba. Halas.

Na usiseme nimekudhulumu kila kitu. Wale wazee wawili niliowapeleka kuwa mashahidi nilipokwenda likizo walikataa kutia saini mpaka niandike kwamba mikarafuu thelathini na mmoja aliipanda Mama, Baba alipokuja huku Uarabuni, na kwamba alikupa wewe. Nikaandika, yaishe. Kwetu ardhi ya huyu na miti ya yule si jambo geni. Chuma karafuu zako uungie pilau. Mwezi wa saba fundi anaanza kufyeka, nijenge. Kuni utazifuata, au nikuletee?

Kaka yako,
Haroub

Al-Murabba, Riyadh
20 Aprili 2024

Kaka Haroub,

Assalaam aleikum. Idi tumeimaliza salama. Watoto wanamsalimu Muna.

Asante kwa habari za mikarafuu. Zeinab amekwenda kwa wapimaji wa ardhi akaniombea nakala ya karatasi yako. Nimeisoma mara mbili. Saini ni yako, dole gumba ni lako. Sina swali tena. Msalimie fundi.

Nduguyo,
Wahida

Al-Hindawiyah, Jeddah
9 Julai 2024

Wahida,

Salaam. Afya usiniulize.

Fundi kanipigia simu kutoka Mtambwe. Kafika na mashoka, kakuta kila mkarafuu umepakwa namba kwa rangi ya kijani, na imamu kakaa chini ya mmoja na karatasi ya kadhi: umeitoa yote wakf kwa msikiti. Imamu kamwambia, "Karibu, mwanangu. Kata, kisha njoo Ijumaa uwaeleze watu." Fundi kapakia vyombo vyake, kaondoka. Siwezi kujenga. Kuuza pia siwezi. Nani anunue kiwanja ambacho msikiti mzima una haki ya kukiingia kila msimu?

Umenikomoa, nimekubali. Nitakuandikia theluthi yako. Nusu, ukitaka. Nenda kwa kadhi ukaifute. Muna ananiuliza tutashukia wapi mwakani.

Kaka yako,
Haroub

Al-Murabba, Riyadh
21 Julai 2024

Kaka Haroub,

Wa aleikum salaam. Pole kwa afya. Sisi wazima.

Wakf haifutwi, na wewe umesoma chuo cha Kurani kuliko mimi. Hata ingefutika, nisingeifuta. Kwenye karatasi ile uliapa kwamba nimepewa haki yangu, ukaapa kwa jina la Baba, mbele ya watu walionibeba mgongoni. Nusu unayonipa leo unanipa kwa sababu fundi amekimbia.

Ardhi yote ni yako, sina mgogoro nayo. Muna mwambie ukweli, akitaka kusikia.

Kuna sharti moja nimeliandikisha kwenye wakf, kwa desturi ya kwetu: mkarafuu ukifa, unapandwa mwingine palepale. Miwili ilikuwa imekwishakauka. Miche yake ilipandwa Jumanne.

Dada yako,
Wahida