Kapteni na Fundi Mitambo Hawajachumbiana

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi maana shimo nimelichimba mwenyewe na sasa naogopa hata kulichungulia. Mimi ni msusi, nasukia hapahapa nyumbani, mume wangu ni dereva wa lori, akiondoka harudi mpaka tumsahau sura, na tangu mama yake avunjike mguu tunaishi naye, na mama huyu, mshauri, alikuwa hanipendi, siku ya harusi yetu alikuja mikono mitupu akanuna hadi mwisho, na hata alipohamia kwangu nilikuwa "wewe" tu, "wewe, chai," "wewe, funga dirisha," hadi siku moja nasuka mteja huku natazama ile tamthilia ya chombo cha angani, ya Kapteni na yule dada fundi mitambo, akauliza, "Hao wanasemaje?" kwa kuwa wanaongea lugha ya kigeni, na mimi mwenyewe naambulia nusu, nikaanza kumtafsiria.

Basi weee! Mama alinogewa. Wale waigizaji wawili wamemteka, Kapteni kwa yale mabega, na yule dada kwa anavyokaza bolti chombo kinawaka moto na yeye hata jasho hatoi, mama anasema huyo ndiye mwanamke. Mimi pia ni shabiki wao kindakindaki, picha yao nimeibandika kwenye kioo cha wateja. Sasa mama akaniuliza, "Wanapendana hawa?" na uso wake ulivyojaa matumaini nikashindwa, nikasema ndiyo, na kwenye hadithi yenyewe hawapendani hata kidogo, kutwa wanagombania mafuta ya chombo! Wakigombana namwambia anambembeleza, wakitengeneza injini namwambia wanapanga harusi, Kapteni alipombusu daktari wa chombo nikasema ni binamu yake wanaagana, mama akacheka hadi akajishika mguu, akasema, "Haya, ukoo wao una mapenzi." Mwishowe nikaropoka kwamba hata nje ya mchezo waigizaji wenyewe ni wachumba, na sasa anawafumia kitambaa cha meza cha harusi, anataka nikitume.

Kumbe televisheni wametangaza, kuanzia Jumamosi tamthilia inarudi mwanzo, imetiwa sauti za Kiswahili, na mama ameshaalika majirani. Mshauri, siku hizi ananiita "mwanangu". Jioni ananiwekea mto wangu kwenye kochi. Akisikia kwa masikio yake kwamba ni ugomvi wa mafuta, nitarudi kuwa "wewe". Nifanyeje, niiharibu televisheni?

Mkalimani wa Sebuleni

*

Mkalimani wa Sebuleni,

Marahaba. Na koma kuigusa hiyo televisheni.

Nimecheka, sikufichi, kisha nimekasirika. Kumtungia mama mkwe mapenzi ya angani ni utundu, hilo nakusamehe. Kumwacha mtu mzima aumize vidole kwa ajili ya harusi isiyokuwepo, hapo umevuka mpaka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia Jumamosi.

Lakini hebu isome tena barua yako. Mama amevunjika mguu, macho yake mazima. Mwanamke aliyeolewa, akazaa, akaozesha, aone busu la namna ile akubali ni binamu? "Ukoo wao una mapenzi." Dada wee, alikuwa anakutania! Siku ile alikukamata, akanyamaza, na jioni akakuwekea mto. Jiulize kwa nini. Mabega ya Kapteni ni mazuri, sibishi, ila mgonjwa hashindi kutwa akisubiri mabega. Anasubiri umalize kichwa cha mwisho uje ukae naye. Pengine nakosea kuhusu binamu. Kuhusu mto sikosei.

Kwa hiyo leo, ukishanawa mafuta ya nywele, kaa kwenye huo mto umwambie bila kuzunguka: "Mama, Kapteni na fundi mitambo si wachumba, na hao waigizaji habari za nyumbani kwao sizijui. Nilikuwa natunga kwa sababu napenda tukikaa pamoja." Akinuna, mpelekee chai, uvumilie, umeshawahi kununiwa na hukufa. Jumamosi wakaribishe majirani, wasikilize ule ugomvi wa mafuta ya chombo kwa Kiswahili. Wakiondoka, mama akitaka ile hadithi yako, zima sauti umsimulie, mradi sasa wote wawili mnajua ni yako.

Na kile kitambaa cha meza usikitume popote. Mwombe akimalize. Kuna harusi moja naijua, bwana harusi ni dereva wa lori, na zawadi ya mama bado haijafika.