Achari Isiyoona Jua

Amani, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia. Sisi hatujambo, ila baridi ya huku milimani, mama wee! Nguo nafua Jumatatu, Ijumaa bado mbichi.

Uliniagiza achari ya ndimu ya harusi ya Mwanakombo, kwa kuwa mdogo wangu hana mkono wa achari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuandikia barua ile ya kuniagiza, na maneno hayo hakuyaruka.

Basi nimetengeneza. Nilichagua ndimu za ganda jembamba, chumvi sikuibania, pilipili nikatia mwisho, kama ulivyotufunza. Nikaianika. Jua liko wapi? Wiki tatu mvua na ukungu, chupa naitoa, nairudisha, mpaka jirani yangu wa Kishambaa akaniuliza, “Dada, huyo mgonjwa wako hajapona tu?”

Jana nikaionja vile uonjavyo wewe, kwanza kuminya ganda kwa vidole, halafu na tonge la wali mkavu. Ganda gumu, na uchungu ukaning’ang’ania kooni. Mama, nikaketi chini. Uchungu ule naujua. Ndio wa achari ya Mwanakombo, mwaka ule ulipotupima sisi wawili, ukaitema yake, ukasema mbele ya shangazi, “Huyu hana mkono.” Tangu siku hiyo hajagusa ndimu.

Hukujua, nami nikanyamaza. Chupa zetu zilikaa uani, penye ukuta unaopigwa jua kutwa. Kila asubuhi, Mwanakombo akishakwenda skuli, yake nikiificha kivulini nyuma ya pipa la maji, na kuirudisha kabla hajaja. Nilitaka unisifu mimi, basi. Ukanisifu, na sifa ile nimeila miaka yote hii. Astaghafirullahi.

Nakuletea chupa hii kwa dereva wa lori la mbao. Si ya harusi. Ionje mbele ya shangazi, uiteme vilevile, kisha waambie ni yangu. Halafu mpe Mwanakombo ndimu na ule ukuta. Harusi ni Mfungo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, muda upo.

Nisalimie baba, shangazi na ulimi wake, na mjomba wa Horohoro akija.

Na wewe Mwanakombo, mdogo wangu, najua sauti inayomsomea mama hapa ni yako. Usiruke mstari. Rudi juu, umsomee tena pale penye pipa la maji. Nisamehe.

Mimi mwanao, dadako,
Zainabu