Suruali Moja, Watu Wawili

Makongeni, Jumamosi

Wekesa ndugu yangu,

Unaendeleaje huko Bungoma? Najua ni swali la kijinga. Miezi miwili imepita tangu tukuzike huko na bado najikuta nikitaka kukuuliza vitu. Leo nina jambo ambalo sina mwingine wa kumwambia, maana siri yenyewe tulikuwa nayo wawili tu.

Ni ile suruali.

Unakumbuka tulivyoipata soko la Gikomba, katikati ya rundo la mitumba, rangi ya chungwa kali hata mwenye kuuza aliishika kwa vidole viwili? Belbotom, miguu mipana ya kufagia Jogoo Road nzima. Ilikuwa moja tu, na sisi tulikuwa na kiuno kimoja. Tukavutana, tukanuniana njia nzima ya kurudi nyumbani, mwishowe tukachanga pesa, tuivae kwa zamu, kila mmoja Jumamosi yake. Mimi ningeifungia sandukuni nikiiogopa. Wewe uliitandika kitandani ukaanza kuitafutia wenzake.

"Longi ikipiga kelele, shati linyamaze," ulisema, ukanivua shati langu la maua mbele ya dada yako Nasimiyu bila aibu yoyote. Ukanipa shati jeupe la shule, mikono ikunjwe mara mbili, na mkanda wa kahawia. Hayo yalikuwa mavazi yangu. Yako yalikuwa shati la bluu iliyokolea, kola wazi, na kile kisweta kisicho na mikono ulichofumiwa na mama yako. Nilitaka kuongeza kofia. Ulinitazama kama mtu aliyeona panya jikoni.

Halafu ukaleta ule ujanja wa utepe. Utepe wa kahawia ubavuni, kutoka kiunoni mpaka chini, umeshikizwa kwa mishono mirefu inayofumuka upesi. Jumamosi yako unaushona, Jumamosi yangu unaufumua. Mtaa mzima ukaamini tuna suruali mbili, ya Wekesa yenye utepe na ya Kamau isiyo na utepe. Hata mama yako aliamini. Wakatuita mapacha, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mapacha hawa hawaendi pamoja kwenye bugi, dansi ya alasiri pale ukumbini. Sheria yako ilikuwa kali: Jumamosi isiyo yako, kaa ndani, usije ukaulizwa yako iko wapi. Mimi nilikuwa nalala tu. Wewe nilikuuliza mara moja unafanya nini siku hizo, ukasema, "Niko na mathe, tunachambua mboga."

Nilikucheka sana, kijana mzima kushinda na mama yake.

Ijumaa ile ya mwisho nilipokuja hospitali ulikolazwa, ulikuwa umekonda, kifua kinakoroma, lakini ulisema daktari atakuachilia Jumapili. Uliniagiza: "Kamau, niletee longi Jumapili asubuhi. Weka utepe. Na mkanda usisahau, kiuno kimeisha. Nataka Makongeni wanione nikiingia." Nikasema sawa. Kesho yake ilikuwa zamu yako, Wekesa, na nikaivaa mimi. Nilijiambia, Wekesa yuko kitandani, atajulia wapi, nitaifua jioni na kuipiga pasi, utepe nitaushona. Nikaenda kucheza. Walikuwa wanabadilisha santuri na mimi sikuacha kucheza hata kunywa maji. Saa kumi hivi, wamesema, ndipo ulipokata roho. Nilikuwa nacheza ndani ya suruali yako.

Niliporudi nilikuta watu wamejaa mlangoni kwenu. Nasimiyu alikuwa amekaa chini, kanga kichwani. Nikaelewa. Na unajua nilifanya nini? Nilipitia nyuma, nikaingia kwetu, nikaivua na kuiloweka kwenye beseni, ndipo nikaja kulia. Nilificha suruali kwanza. Silali kwa sababu ya hilo.

Mama yako alitaka uzikwe nayo. Wazee wa kanisa walikunja nyuso, naye akawaambia ni mtoto wake, si wao. Alipekua sanduku lako, akageuza godoro, mwishowe akaja kwetu akasimama mlangoni. "Kamau mwanangu, yako najua ni ile haina utepe. Ya Wekesa hujaiona?"

"Sijaiona, Mama."

Beseni lilikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Ningesema ninayo, angeuliza imekuwaje iko kwangu, imekuwaje imelowekwa, na ulikuwa wapi Jumamosi, Kamau? Basi ukazikwa na suruali ya kijivu ya baba yako, imekunjwa chini, na juu yake wakakuvika shati la mistari mipana. Nilisimama pale kaburini nikiwaza kwamba ungefufuka ulivue. Nilitaka kucheka na nikalia mpaka mjomba wako akanishika bega.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo ninapozama. Mama yako ameamua kwamba Nasimiyu ndiye aliyeiuza. Ushahidi wake ni kwamba wiki ya msiba dada yako alikuwa na viatu vipya. Viatu alivinunua kwa jasho lake kiwandani, sote tunajua, lakini nani atamwambia mama aliyefiwa? Hawasemezani. Wanafua kwenye bomba moja wamepeana migongo. Nasimiyu ameanza kutafuta chumba cha kupanga ahame. Aliniambia, "Nimempoteza ndugu, sasa naambiwa niliuza nguo zake." Nami nikatazama chini, mwanamume mzima.

Jumanne iliyopita nikasema imetosha. Nikaenda kwenu nikiwa nimeshayapanga maneno yote: suruali ilikuwa moja, tuliivaa kwa zamu, ninayo mimi. Nilimkuta mama yako anachambua kunde. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nikae, akasukuma ungo katikati yetu.

"Nyinyi vijana wengine mlikimbilia bugi kila wiki," akasema. "Wangu hapana. Wiki moja anaenda, wiki nyingine anabaki na mimi. Baba yake yuko kazini, Nasimiyu yuko kiwandani, yeye anakaa hapo ulipokaa. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu niko peke yangu." Akatabasamu, Wekesa. Sijamwona akitabasamu tangu tukuzike. "Hizo Jumamosi ndizo zinazonishikilia."

Nikachambua kunde mpaka zikaisha, nikaenda nyumbani.

Ningemwambiaje? Nikisema suruali ilikuwa moja, hatachukua muda kupiga hesabu. Atajua ulikaa naye kwa sababu hukuwa na cha kuvaa. Nisiposema, Nasimiyu anabaki mwizi. Nimezunguka na jambo hili wiki nzima, sili, kazini nimekemewa mara mbili. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mimi mwenyewe sijui. Labda ulianza kukaa kwa sababu ya suruali, ukaendelea kwa sababu yake. Labda hata siku zako ungependa kubaki. Wewe peke yako ndiye ungenijibu.

Leo nimeshinda nikishona utepe. Nimeuanza mara tatu. Umepinda gotini, nimejichoma vidole, na uzi wenyewe si rangi yake. Ungeona ungeninyang'anya sindano. Lakini kwa mtu anayelia utatosha.

Kesho wakitoka kanisani nitampelekea, Nasimiyu akiwepo. Nitasema hii ni ya Wekesa, nilikuwa nayo, nikakuficha, Mama, kwa sababu niliitamani. Akiuliza yangu iko wapi, nitasema niliiunguza kwa pasi. Ataniita mwizi. Mtaa utasikia, maana kuta zetu hizi hazizuii kitu, na mama yangu atashindwa kwenda bombani kwa aibu. Naogopa, Wekesa. Sina njia nyingine, na hata hii siijui kama ni nzuri.

Kwaheri, ndugu yangu. Pumzika. Nakuahidi kwamba hakuna atakayesikia kutoka kwangu kwamba ilikuwa moja, hata nikizeeka. Jumamosi moja nilikunyang'anya. Zile ulizokaa na mama yako ni zake, sitazigusa.

Ni mimi,
Kamau