Samaki Aliyeitwa Nyakio

Baba Karanja,

Salamu kutoka Waithaka. Wavulana wako watatu wamemaliza unga, sabuni na subira yangu. Barua hii nampa Ajwang anayerudi huko Doha, maana nikikupigia simu mama yako husikiliza mlangoni.

Unajua anavyolalamika kwamba hajazaliwa, kwa kuwa hatuna msichana wa kuitwa jina lake. Basi alichoka kungoja. Nilipoleta samaki wa urembo kutoka River Road, alichagua mmoja mnene, ambaye muuzaji aliapa ni jike, akamwita kwa jina lake mwenyewe, Nyakio. Kila asubuhi akawa anamsalimia kabla yangu.

Wiki iliyopita Nyakio aliota upanga mkiani, ule wa madume, akaanza kuwafukuza majike tanki zima. Mama alipiga kelele: "Shiru! Hata ndani ya maji mnanizalia mwanaume!"

Nilimrudia muuzaji nikiwa nimefura. Akaniambia bila aibu, "Mathe, huyo hajageuka. Kuna madume huchelewa tu kujionyesha."

Tangu hapo mama amelifunika tanki kwa leso.

Kuna jambo lingine dogo. Likizo yako ya Desemba sasa ina miezi mitano tumboni mwangu. Mama anadhani ni chapati. Jana nilipigwa picha, na daktari akasema ni msichana, ana hakika kabisa.

Usimwambie mama yako. Hata muuza samaki alikuwa na hakika.

Wako anayezidi kunenepa,
Shiru