Vitambaa vya Mbung'o

Homa Bay,
Jumatano jioni.

Kwa kaka yangu mpendwa Ken,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Dorine na watoto. Kifua chako kinaendeleaje? Vumbi la mawe ya mgodi wa Masara si la kuchezea, tafadhali funga kitambaa puani hata wenzako wakikucheka. Na wale kunguni wa chumba chenu, wamekubali dawa au ni ninyi mliokubali kuhama? Mimi sijambo. Juma hili wadudu wa ziwani wamepanda tena. Nikiwasha taa dirisha linakuwa jeusi, na asubuhi nawafagia kama majani ya chai. Ninyi Migori mna nzi wa soko, sisi tuna hawa. Angalau hawaumi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nikikatizwa huishia kusema ndiyo. Cate, anayepeleka dagaa wa omena huko kila Alhamisi, ameahidi kukukabidhi mkononi. Mama ameniambia kwamba Jumapili utakuja na wenzako wawili wa mgodini kumfunza Gisiri adabu, kwa kuwa eti ndiye aliyemchongea katika ofisi yetu. Nakuomba, kaka, usipange safari kabla ya kusoma hadi mwisho. Sidhani mama alikueleza yote, kwa hiyo naanza mwanzo.

Unajua ofisi yetu ndiyo inayotega mbung'o bondeni, wale mama anaowaita maugo. Mtego si kitu kikubwa. Ni kitambaa cha buluu na cheusi kilichotundikwa kwenye vijiti, na chini yake chupa ya mkojo wa ng'ombe. Mbung'o anafuata harufu, anaona ile buluu, anatua, na dawa iliyolowekwa kwenye kitambaa inammaliza. Mitego ya upande wa nyumbani inatunzwa na Gisiri, kijana aliyetoka Kuria kuja kuchunga ng'ombe za watu, kisha akapata kibarua kwetu. Huku hana ndugu wala shamba.

Baada ya mvua kuanza, vitambaa vilianza kutoweka. Gisiri alikuwa anakuta vijiti vitupu. Mbung'o wakaongezeka, na ng'ombe wakaanza kukonda huku nyasi zipo. Yule jirani yetu mjane, Marcella, ng'ombe wake wa maziwa aliharibu mimba, halafu akalala na hakuinuka tena. Ndiye aliyekuwa akilisha nyumba ile. Watu wakasema Gisiri anauza vitambaa ng'ambo ya mpaka. Kwenye baraza la chifu mzee mmoja alisimama akasema kwamba zamani watu wa kwao Gisiri waliiba ng'ombe, sasa huyu ameshushwa cheo mpaka matambara. Watu walicheka, na mama alicheka kuwashinda wote. Gisiri alijibu kwamba angekuwa mwizi asingechagua kitu kinachonuka mkojo. Wakacheka tena. Bosi wangu, Bwana Ratemo, hakucheka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Tulipotoka kanisani kwa ibada ya Sabato mama alinituma nikaokote mayai. Kaka, niliinama ndani ya banda la kuku nikaona buluu. Kila kiota kilikuwa na kipande chake, kimepindwa ukingoni kwa ule mshono wa mama wa kurudiarudia. Kuku walikuwa wamelala juu yake kama wageni wa hoteli. Nilisimama pale na yai mkononi hadi mama akaniita akiuliza kama kuku wamenimeza.

Mama hakuficha chochote. Alinikumbusha kwamba ni mimi niliyekaa jikoni kwake Krismasi nikijigamba kwamba mdudu yeyote akigusa kitambaa chetu habaki. Yeye alikuwa akinisikiliza huku akijikuna utitiri wa kuku mikononi. Sasa kuku hawajikuni, alisema, wanataga vizuri, na ameshawagawia vitambaa akina mama wengine wawili wa kanisani. Nilimwambia dawa ile si ya kuku na inaweza kuingia kwenye mayai. Nikamwambia pia kwamba ng'ombe wa Marcella amekufa kwa sababu mitego iko uchi. Akasema kuku wake ndio walio uchi, na serikali inawavisha nzi. Nilicheka, Ken. Unamjua mama, huwezi kujizuia.

Halafu nikamsihi avirudishe, kwa sababu Gisiri atafukuzwa. Akasema Gisiri si mtoto wa mtu hapa, atapata ng'ombe wengine wa kuchunga. Hapo kicheko kiliniisha. Na bado nilikula chakula chake, nikanywa chai yake, nikarudi Homa Bay bila kusema neno zaidi.

Jumatatu Bwana Ratemo alinipa barua nichape. Ilisema Gisiri ameachishwa kazi kwa wizi na jina lake litapelekwa kwa chifu. Gisiri mwenyewe alikuwa ameitwa, ameketi kwenye benchi pale nje ya mlango, kofia magotini. Niliichapa bila kosa hata moja, nikaipeleka ndani isainiwe.

Haikusainiwa. Kesho yake Bwana Ratemo alikwenda na chifu moja kwa moja hadi banda la kuku. Mama alitoa vitambaa vyote, na wale wenzake wawili wakaleta vyao. Mayai yalifukiwa mbele ya majirani, na mama akaonywa kwamba akirudia atapelekwa kortini. Marcella alikuwepo. Hakumtukana mama, alimtazama tu. Mama anasema yale macho yalimchoma kuliko maneno ya chifu. Kwa kuwa Gisiri alionekana akipita nyuma ya banda juzi yake, mama ameamua ni yeye aliyechunguza na kusema. Alimsimamisha njiani akamwambia kwamba mtu anayehesabu viota vya wajane hatazaa. Gisiri alivua kofia akampisha.

Sasa nakuambia lililonifanya nishike kalamu. Gisiri hakumtaja mama. Ni mimi.

Niliiweka ile barua mezani kwa Bwana Ratemo na kalamu juu yake. Alipoichukua kalamu nikasema vitambaa viko kwa mama yangu. Aliniuliza mama yangu nani, nikalitaja jina lake lote, kama ninavyolijaza kwenye fomu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Akaniuliza kama naelewa ninachofanya. Nilisema sielewi vizuri, lakini vitambaa viko huko. Aliahidi kutonitaja, na hajanitaja.

Mlango ulikuwa wazi, kaka. Gisiri alisikia kila neno pale kwenye benchi. Nilipotoka aliniuliza tu kama bado kuna karatasi ya yeye kusaini, nikamwambia hakuna. Kwa hiyo siku ile mama alipomwapiza, Gisiri alikuwa anajua aliyemsema mama ni nani, na akanyamaza. Sijui kama alinihurumia mimi au mama. Ninachojua ni kwamba ukija Jumapili na wenzako, atanyamaza tena, nanyi mtampiga mtu badala yangu.

Naogopa sana. Namwogopa mama, na nakuogopa wewe pia, maana tangu baba atutoke neno lako ndilo la mwisho pale nyumbani. Lakini Jumamosi baada ya ibada nitamwambia mama mwenyewe, tukiwa wawili. Nakuomba usinitangulie kwa simu, acha alisikie kwangu. Baada yake nitakwenda kwa Gisiri kumwomba radhi, kisha kwa Marcella, na hapo sijui nitasema nini.

Jumapili njoo, ukitaka, lakini njoo peke yako. Kama ni adabu ya kufunzwa, nitakuwa nimeketi pale uani.

Mpe wifi Dorine mkono wangu, na watoto uwaambie shangazi anawakumbuka. Mungu akulinde shimoni na akurudishe juu kila siku.

Ni mimi mdogo wako,
Lynnet