Sentensi Moja kwa Kipigo Kizima

Jumatatu, 4 Machi

Kesi ya fundi cherehani imeanza na mkalimani ni mimi tena. Novemba nilimkalimania kituo cha polisi alipotoa maelezo yake, sasa nimepangiwa mahakamani. Alinitambua kwenye korido kabla sijamtambua. Akanishika mkono — kidole gumba chake kina sugu ya mkasi — akasema amefarijika kuniona, maana mimi namwelewa. Sikio lake la kushoto halisikii tena. Ukimsemesha anakusogezea la kulia.

Mumewe yuko kizimbani na shati lililonyooshwa pasi vizuri kabisa. Nani anamnyooshea, sijui. Amekwisha kumtumia mkewe salamu kwamba akiachiwa anarudi nyumbani kwake, nyumba ile ile.

Hakimu hajui Kiswahili. Wakili wa mume hajui, au anajifanya hajui. Kwa hiyo kila kipigo kilipitia mdomoni mwangu. Alimzaba kofi: slap. Akamtwanga ngumi za mbavu: punch. Akambamiza kichwa kwenye meza ya cherehani: slam. Halafu akamtandika kwa mkanda mpaka mwenyewe akachoka. Hapo nikasita kidogo. Hit ni pigo, mkono umekwenda na umerudi. Beat ni kupiga bila kuhesabu. Nikasema beat. Kila neno nililitia mahali pake, na nilitoka pale nimevimba kichwa. Mjinga mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwisha.

Wakili wa mume alisimama na karatasi moja tu, maelezo ya polisi ya Novemba. Akasoma: “He hit me and I fell.” Basi. Hakuna mkanda, hakuna meza, hakuna mbavu. Akauliza imekuwaje pigo moja likazaa ndani ya miezi minne. Watu kwenye mabenchi ya nyuma wakacheka. Akamwambia hakimu kwamba hit ni hit, kwamba hata mlango unaweza kum-hit mtu, na kwamba mama huyu amekaa nyumbani akajifunza maneno makubwa.

Nikamtafsiria fundi swali. Hakumtazama wakili. Alinitazama mimi. Akasema, lakini yote niliyasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: dada, si niliyasema yote?

Mkalimani hajibu. Mkalimani hana “mimi” yake. Nikamgeukia hakimu nikasema kwa Kiingereza kwamba shahidi anasema aliyasema yote. Ile ya dada nikaimeza.

Chini ya karatasi kuna sahihi mbili. Yake na yangu.

Jumatano, 6 Machi

Niandike ilivyokuwa, angalau humu.

Kituoni maelezo anachapa askari tunayemwita Vidole Viwili, kwa sababu ndivyo anavyochapa. Ukimpa sentensi tatu anahema. Ataomba ufupishe, atasema kupigwa ni kupigwa. Miaka tisa nafanya naye kazi. Siku hizi nafupisha kabla hajaomba. Najiambia namhurumia. Uongo — nataka niwahi kuondoka.

Siku ile fundi alizungumza karibu saa nzima, bandeji sikioni. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu neno kwa neno. Alipomaliza nikamgeukia Vidole Viwili nikampa sentensi moja. Akafurahi.

Hilo lingesameheka labda. Lakini sheria inataka shahidi asomewe maelezo kwa lugha yake kabla hajatia sahihi. Nikamsomea. Nilishika karatasi ya askari mkono mmoja na daftari langu mkono mwingine, na nilisoma daftari. Kofi, ngumi, meza, mkanda, yote, tena kwa sauti ya upole. Aliitikia kwa kichwa kila mstari. Akauliza atie sahihi wapi, nikamwonyesha.

Sikukusudia kumdanganya. Nilikuwa nimezoea tu. Nimefanya hivyo mara ngapi? Sitaki kuhesabu.

Alhamisi, 7 Machi

Daftari la Novemba ninalo. Halikutakiwa kuwepo. Maelezo yakishatiwa sahihi kurasa zetu zinatakiwa kupita kwenye mashine ya kuchana, ofisini. Zangu hazipiti. Nina madaftari kumi na moja ndani ya sanduku la nguo kwa sababu — aibu hii — napenda vitenzi. Mtu anayesimulia alivyoumizwa hana uvivu wa maneno. Kuzaba, kutandika, kucharaza, kukung'uta. Nimekuwa nikiviokota vya watu kama mtoto anayeokota vifuniko vya chupa.

Ukurasa umeandikwa tarehe 14 Novemba, mwandiko wangu. Mkanda upo. Meza ipo. Nikiutoa, ataaminiwa. Nikiutoa, kazi imekwenda, na maelezo yote niliyotia sahihi kwa miaka tisa yatafunguliwa upya. Kuna watu wamefungwa kwa sentensi zangu. Kuna walioachiwa.



Ijumaa, 8 Machi

Nilikwenda kwa msimamizi wetu nikazungumza kwa mafumbo. Nikauliza mkalimani akigundua kosa la zamani afanye nini. Alinitazama sana. Akasema kosa la zamani limelala, na aliyelala usimwamshe. Kisha akauliza kama madaftari yangu yote yamechanwa.

Nikasema yamechanwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mama alikuwa anakunja nguo kitandani kwangu. Sanduku lilikuwa wazi, ameyaona madaftari, hakuuliza. Mimi ndiye niliyeuliza. Kama anakumbuka enzi za baba, majirani walipogonga kuulizia kishindo, mimi nikatumwa mlangoni. Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nasema mama kajigonga kabatini. Nilisema vizuri, kwa adabu, natabasamu.

Mama akasema ndiyo, nilikuwa na mdomo mtamu, waliniamini kila mara. Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema kuna siku alikaa chumbani akaomba nikosee.

Nina miaka arobaini na mbili. Hakuwahi kuniambia hilo.

Jumapili, 10 Machi

Nimefua. Nimedeki. Nimedeki tena. Sijaamua kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Hakimu ametoa dakika kumi.

Asubuhi wakili alirudi na ile karatasi yake. Akamuuliza fundi kama alisomewa maelezo kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Fundi akasema ndiyo. Akauliza kama yalikuwa sahihi. Fundi akasema ndiyo, yalikuwa sahihi kabisa, kila kitu kilikuwemo. Mwanamke mkweli. Nami nikatafsiri neno kwa neno, bila kufupisha hata kidogo, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Wakili akasema hana swali lingine. Mumewe akatabasamu kizimbani, akarekebisha kola.

Hakimu akanitazama akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa.

Sasa fundi amekuja kukaa pembeni yangu. Haturuhusiwi kuongea. Anaongea hata hivyo, haelewi kwa nini yule wakili alifurahi. Anauliza kama alijibu vizuri. Anasema alisema ukweli mtupu, kama nilivyomsomea mimi.

Karani amefungua mlango, anatuita. Fundi hainuki. Ananisubiri nimjibu. Daftari la Novemba liko chini ya hili ninaloandikia, naisikia kona yake gotini, na yeye amekwisha kunisogezea sikio la kulia.