Niliambiwa, Nikacheka

Jumanne. Asubuhi mvua ilinyesha kwa fujo, ikakatika ghafla. Sasa jua linachoma, na uani kunanuka matope na moshi wa mkaa.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto, wa upande waliopasua, nimeulaza mapajani.

Leo nimejua kwamba niliambiwa.

Nilipoingia hospitali nilijua nina uvimbe kwenye ziwa la kushoto, mdogo, mgumu kama kokwa la tende, na kwamba daktari Mzungu atautoa. Atautoa, atanishona, nami nitarudi barazani kwenye cherehani yangu. Mimi ni mshonaji, kwa hiyo neno kushona halikunitisha. Nilipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi nikakuta bandeji imenizunguka kifua kizima na upande wa kushoto ni tambarare. Nesi alikuwa ananifuta jasho. Nikamwuliza ziwa langu liko wapi. Akanitazama, akasema, "Kwani mama, hukuambiwa?"

Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wakaja mlangoni.

Tangu siku ile sijamsemesha mume wangu neno la maana. Salumu alijua. Daktari alimwita peke yake, akamwambia ugonjwa huu unaitwa kansa, na lisipoondolewa ziwa lote utatambaa uingie ndani. Dada yake Mwajuma, wifi yangu tunayeishi naye, naye alijua. Mtu na dada yake wanakaa na siri ya kifua changu, halafu wanakuja kuniletea machungwa! Hivyo ndivyo nilivyolichukulia jambo hili, na nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

Nao wamenitunza, siwezi kukataa. Salumu ni karani wa ghala, mtu wa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi, hajawahi kusogelea jiko tangu nimjue. Siku hizi kila alfajiri anachutama kupuliza mkaa, ananipikia uji wenye mabonge, kisha anasimama mlangoni kuona kama nitaumaliza. Naumaliza. Simtazami. Mwajuma kanichorea mistari ya mkaa ukutani, maana dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, alisema nipandishe vidole ukutani kila siku, mkono usije ukakakamaa. Kila ninapopita mstari mmoja wifi anapiga kigelegele, majirani wanadhani kuna harusi. Kicheko kikinijia nakimeza. Huwezi kuwanunia watu huku unacheka nao.

Leo mvua ilipokatika nilikaa mkekani uani, Mwajuma nyuma yangu kwenye kigoda, ananisuka kwa sababu mimi siwezi kuinua mikono miwili. Alipomaliza upande mmoja, neno likanitoka.

"Mlijua wote, wifi. Mkaninyamazia, mkanipeleka kwenye kisu kama kuku."

Kitana kikasimama kichwani mwangu.

"Tulikunyamazia? Si tulimtuma Kalunde?"

"Kunifanya nini?"

"Kukuambia! Kaka alishindwa. Alifika mlangoni mwa wodi akarudi analia. Na mimi wifi yako ningeanzaje? Tukasema neno kama hili ni la mtani. Akaja, akakuambia, akarudi akasema tayari, ameambiwa, na amecheka. Kaka akasema, kumbe mke wangu ni jasiri hivi! Ndipo akaenda kumkubalia daktari."

Kalunde ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Kwa kabila sisi ni watani, na kwa mapenzi ni zaidi ya hapo. Anauza asali ya kwao Tabora pale sokoni Kariakoo. Alipofariki mama yangu, Kalunde alizuia jeneza mlangoni akadai kuku ndipo maiti itoke, na watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mtani hasemi, anapayuka, nawe hukasiriki. Ndiyo desturi. Walichagua mtu sahihi kabisa, aliyeruhusiwa kusema lolote.

Nikaikumbuka ile saa ya kutazama wagonjwa, siku moja kabla ya kupasuliwa. Nilipomwona mlangoni, ndimi niliyeanza. "Nani kamruhusu mpagazi huyu kuingia wodini? Mzigo shusha nje!" Akajifunga kanga kiunoni, akasimama miguuni pa kitanda changu. "Wewe Mzaramo, liage hilo ziwa lako. Kesho Mzungu analiondoa lote, habakishi kitu. Utarudi Kariakoo unaegemea upande mmoja kama kibanda kilicholiwa nguzo na mchwa, na Salumu itabidi akutafutie mti wa kukushikiza!" Wodi nzima ilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamjibu kwamba likitolewa alibebe yeye kichwani mpaka Tabora, si ndiyo kazi ya ukoo wao? Akaondoka anafuta macho. Nilidhani ni machozi ya kicheko.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli.

Niliinuka pale mkekani nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Mwajuma ananiita, wifi, ngoja basi nikumalizie! Nikajitupia kanga, nikashika njia ya sokoni. Sikuwa nimepita njia ile tangu nilazwe. Yule Mhindi anayeniuzia vitambaa alisimama mlangoni mwa duka lake akaniuliza hali. Nilimpita kama sikumsikia, Mungu anisamehe. Niliibana kanga kifuani kwa mkono mzima, nikiamini mji wote unanitazama upande wa kushoto. Sasa nadhani walikuwa wanatazama nywele.

Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia Kalunde, mengine siwezi hata kuyaandika hapa. Nilimkuta nyuma ya chupa zake za asali, anafukuza nyuki kwa upindo wa kanga. Tangu nizinduke hakukanyaga hospitalini wala nyumbani, yeye ambaye zamani haikupita siku hajaja kunitukana. Aliponiona alisimama. Nikangoja lile la kwanza, lolote, hata la nywele zangu.

"Shikamoo, dada," akasema.

Tumelingana umri. Miaka yote tuliyojuana hajawahi kuniamkia, na mimi hivyo hivyo. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya bandeji. Nilihisi kama nimekufa na huyu ndiye wa kwanza kunipa habari.

Nikaketi kwenye debe tupu. Akaniambia mwenyewe, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Nilikuja nikiwa nimeuvua utani. Nilisema njiani, nitaketi, nitamshika mkono, nitamwambia taratibu. Nilipofika mlangoni ukaniita mpagazi. Mdomo wangu ukaenda ulikozoea kwenda. Halafu ukacheka. Nikasema, nani mimi wa kumkatisha kicheko? Nikajidanganya kwamba umeelewa. Nilijua hukuelewa. Nikaondoka."

"Ungerudi."

"Ningerudi, ungekimbia."

Hapo ndipo aliponimaliza. Najijua. Kama Kalunde angeketi, akanishika mkono na kuniambia taratibu, ningeamini, na usiku huo huo ningetoka na kanga zangu niende Kisarawe kwa ndugu zangu nikatafute dawa ya miti. Ziwa langu ningekuwa nalo leo. Na ule uvimbe pia ningekuwa nao.

Je, nimshukuru? Sitaki. Nimkasirikie? Desturi hainiruhusu. Nilikaa juu ya lile debe, soko limejaa kelele za watu wa ndizi na watu wa samaki wakavu, na mwenzangu amesimama mbele yangu ameinamisha kichwa. Nikaona kitu kimoja tu waziwazi, kwamba nimeshapoteza ziwa, na nikiinuka pale bila kusema kitu nitapoteza na mtani.

Nikanyoosha mkono nikachukua chupa kubwa kuliko zote, nikaitia kwapani.

"Hii ni ya msiba wangu," nikamwambia. "Ulipokea kuku kwa mama yangu, sasa toa asali kwa ziwa langu. Na usinisogelee, mpagazi, nisije nikakuangukia. Naegemea."

Aliinua kichwa. Midomo ilimcheza, sikujua kama ni kilio au nini. Kisha akasema, "Huyo Salumu mti hajapata tu?"

Tulicheka. Kidonda kiliuma mpaka nikaona nyota, na nikaendelea kucheka, kisha nikawa ninalia, naye pia, mpaka mteja aliyekuja kununua asali akaondoka zake.

Salumu aliporudi kutoka kazini jioni hii nilimngoja mlangoni. Alishtuka kuniona nimesimama, na nywele zile. Nikamwambia, "Nilikuwa sijui. Nilidhani Kalunde anatania." Akaketi kizingitini na shati lake jeupe, bila kukung'uta vumbi. Wiki zote hizi yeye alidhani zile kelele za hospitali na kimya changu ni maumivu ya kidonda. Alidhani nilimkubalia. Akaniuliza kwa woga, "Sasa ulicheka nini?"

Nikamwambia yote, neno kwa neno: nguzo, mchwa, na mti wa kunishikiza. Hakucheka. Alijifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, na Mwajuma akaingia ndani kutupisha. Nikampa kijiko cha asali. Sikujua kitu kingine cha kumpa.

Sasa yuko uani anapuliza mkaa. Uji mwingine wa mabonge unakuja.

Bado nimeshtuka. Nimetaka kuandika kwamba nimesamehe, kalamu imekataa. Lakini kuna jambo Salumu hajaliona. Kila akiingia chumbani ninapobadilisha kitambaa cha kidonda namgeuzia mgongo, naye anatoka nje bila kuambiwa. Asubuhi, kukipambazuka vizuri, sitageuka. Nitaketi, nitamshika mkono, nitamwambia taratibu, kama Kalunde alivyotaka kufanya akashindwa. Salumu, tazama. Huu si utani.